Moto wa kiberiti unatosha

SWALI: Niko Nyegezi, Mwanza. Napiga picha za makro, yaani za karibu mno, za tone la maji likidondoka mbele ya moto wa kiberiti. Flashi iko juu ya kamera. Tone linatoka na mkia, na moto nauona mdogo. Rafiki ananishauri nipandishe kasi ya shata (muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie) hadi 1/4000 ya sekunde, halafu nimwage petroli kidogo juu ya maji kwenye sinia ili moto ukolee. Nifanye hivyo?

JIBU: Usifanye, mdogo wangu, lolote kati ya hayo mawili.

Tone hugandishwa na flashi. Likianguka sentimita 30 huwa linakimbia kama mita 2.4 kwa sekunde, hivyo kwa shata ya 1/4000 bado husogea zaidi ya nusu milimita, na kwenye makro huo ni ukungu. Tena kamera nyingi haziendi na flashi ya kawaida zaidi ya 1/200 au 1/250. Ukizidisha, sehemu ya picha inatoka nyeusi. Shusha flashi hadi 1/64 ya nguvu yake yote. Flashi ndogo ikishushwa hivyo huwaka kwa muda mfupi mno, karibu 1/20,000 ya sekunde, na tone halipati nafasi ya kusogea. Itoe juu ya kamera, iweke ubavuni mwa tone. Chumba kiwe giza, shata 1/200, tundu la lenzi f/11, wepesi wa kamera kuhisi mwanga ISO 200. Moto una mwanga wake wenyewe, kwa hiyo huo unaupima kwa shata, si kwa flashi.

Sasa hilo la moto mdogo, maana naulizwa kila mara na linanikera. Makro ya 1:1, yaani kitu kinatua kwenye kihisi cha kamera kwa ukubwa wake halisi, kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa) inaona eneo la milimita 36 kwa 24 tu. Ulimi wa njiti moja unakaribia kulijaza! Moto mkubwa utakupa njano tupu isiyo na kingo. Anayekwambia uongeze petroli hajawahi kuchungulia kwenye lenzi hiyo.

Na wapo wengi, wanarusha video za dakika moja bila kueleza hatari. Petroli huelea, kwa hiyo ukimwaga maji unausambaza moto. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi kwenye jiko la chumba cha pili. Spiriti nayo, moto wake hauonekani vizuri kwenye mwanga. Mtu anadhani umezimika, anaongeza kutoka kwenye chupa, chupa inalipuka mkononi. Wengine hupeleka majaribio haya mwaloni, Kirumba na kwingineko, kwa sababu ziwa linapendeza nyuma ya picha, huku pembeni kuna mitumbwi ya mbao na madumu ya mafuta ya injini. Hapo unachezea mali na maisha ya wavuvi wasiojua hata unachofanya.

Baya kuliko yote ni kudondosha maji kwenye mafuta ya kupikia yanayowaka. Maji hugeuka mvuke ghafla, yanavimba takriban mara 1,700, na kuyarusha mafuta yenye moto hadi darini na usoni kwako. Sufuria ikishika moto, zima jiko, funika kwa mfuniko, uuache hapo hadi sufuria ipoe kabisa.