Mpini wa Mbao Iliyochorwa na Kuvu: Uzuri Wake Ndio Ugonjwa Wake

Msomaji ameuliza kwa nini mpini wa patasi aliouchonga kwa mbao yenye mistari myeusi umesagika pale chuma kinapoingia. Kuvu haichori bure, inakula mti. Mistari ile ni kuta ambazo makundi ya kuvu hujijengea yanapokutana, na penye weupe uliofifia ndipo palipoliwa zaidi.

Kwa hiyo anza na ukucha. Bonyeza kila upande. Ukigoma kuingia, mbao inafaa. Ukizama kidogo, itahitaji resini, yaani kimiminika kinachopenya mbao kikaganda na kuifanya ngumu. Ikibonyea kama sifongo, itupe. Hata kuni haifai.

Kisha kausha. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 20 kuvu husimama, lakini haifi lazima: mbao ikilowa tena, inaendelea kula. Mpini wa unene wa sentimita 3 ukate kwa sentimita 4, ncha zote mbili zipake nta zisipasuke, panga juu ya vijiti kivulini penye upepo. Pima uzito kila wiki. Usiguse msumeno tena mpaka mizani isome vilevile wiki tatu mfululizo. Wengi huharibu hapa, kwa haraka tu.

Mbao ya kutiwa resini ina masharti zaidi. Kata ncha zenye nta, wala usipake mafuta kabla, maana resini haitapenya. Weka mbao kwenye oveni (si ya jikoni, tafadhali) kwa nyuzijoto 105, kama saa 24, hadi uzito uache kushuka. Ipoe ndani ya mfuko uliofungwa, la sivyo itavuta unyevu wa hewani. Izamishe kwenye resini ya kugandishwa kwa joto, vuta hewa kwa pampu hadi mapovu yaishe, kisha iache ilowe angalau mara mbili ya muda huo. Igandishe kwa joto ambalo mtengenezaji wa resini ameagiza. Asiye na pampu adondoshee gundi nyepesi ya papo hapo sehemu laini, tabaka kwa tabaka, penye hewa; moshi wake unachoma macho.

Msasa uzungushie kipande cha mbao bapa. Ukisugua kwa vidole, sehemu laini zitachimbika na mpini utabaki na mabonde. Vaa barakoa.

Sasa patasi ya msomaji wetu. Ikiwa ni ya kusukuma kwa mkono, mbao hii yatosha, pamoja na pete ya chuma shingoni. Ikiwa inagongwa, hapana. Shoka na nyundo, hapana kabisa: kuvu huondoa ustahimilivu wa kishindo mapema, kabla jicho halijaona kitu, na resini huongeza ugumu tu, haiurudishi mnyumbuko wa nyuzi.