Losheni ya jua kwa uso wenye chunusi

Mdogo wangu, unaanika dagaa pale Kibirizi, Kigoma, mchana kutwa halafu unauliza uache losheni ya jua kwa sababu inakuzidishia chunusi? Usiache, badilisha aina. Chukua ya jeli au nyepesi kama maji, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 kwenda juu, kwenye boksi pameandikwa non-comedogenic: haizibi vinyweleo. Zenye zinki ni pole kwa ngozi, ila nyingine zinatuacha weupe kama tumepakwa unga. Tafuta yenye rangi ya kahawia, inasaidia hata madoa meusi ya chunusi. Kamua mistari miwili juu ya vidole viwili, upake uso na shingo, urudie kila baada ya saa mbili, jasho likizidi hata kabla. Mawese usipake usoni, hayo ni ya mboga. Usiku osha uso.