Maswali ya Wasomaji: Njia ya Jangwani Kwenda Ziwa Turkana

SWALI: Mimi na sahibu yangu wa tangu utotoni tunakusudia kuondoka hapa Mombasa mwezi wa Aprili, kwa gari langu, kwenda Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana. Yeye anataka tupande hadi Marsabit, tukate jangwa la Chalbi hadi North Horr, ndipo tuteremke ziwani. Mimi nataka njia yenye salama zaidi. Tumekwisha kugombana na safari hata haijaanza. Nani ana haki?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Ndugu msomaji, kwa mwezi mliouchagua haki ni yako. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, na mvua za Machi hadi Mei huigeuza tope. Ubaya wake ni kwamba tope hilo halionekani: juu hubaki utando mkavu wa chumvi, mweupe unaong'aa, ilhali udongo wa chini umelowa, kwa hivyo gari hukimbia vizuri mpaka utando upasuke na magurudumu yazame hadi kwenye ekseli. Dereva mwenyeji hufuata alama za matairi ya waliotangulia na hukwepa mabaka yenye rangi iliyokoza, na hata yeye hapendi kuingia na gari moja. Mkingoja kiangazi cha Julai au Agosti na mkapata gari la pili la kufuatana nalo, shauri la sahibu yako litakuwa jema, maana visima vya Kalacha, ambako Wagabra hunywesha ngamia wao, vinastahili safari.

Kwa Aprili, fuateni lami ya Isiolo iendayo Moyale hadi Laisamis, kisha mshike kushoto. Barabara hiyo, yapata kilomita 208 hadi Sarima, ilitengenezwa upya ili malori yaliyobeba mitambo ya umeme wa upepo kutoka bandari yetu hii ya Mombasa yapate kupita. Leo mitambo 365 imesimama huko, nawe utaujua upepo wake utakapofungua mlango wa gari bila kuushika. Hata njia hii hukatwa na laga, mito mikavu inayojaa ghafla, na hapo dawa ni kungoja maji yapungue. Mbele ya Sarima kuna mawe meusi ya volkeno yanayochana tairi ubavuni, mahali ambapo pancha haizibiki, kwa hiyo chukueni spea mbili. Jazeni mafuta Isiolo, pamoja na jerikeni, na maji ya kunywa yasipungue lita tano kwa mtu kwa siku, mbali na ya rejeta. Mkifika Laisamis waulizeni polisi hali ya usalama kabla ya kuiacha lami.

Hukutaja ni nani atakayelipia matairi, nami nashuku kwamba nusu ya ugomvi wenu imo humo. Gari ni lako, lakini tairi litakalopasuka katika safari ya wawili ni deni la wawili. Kubalianeni hilo mkiwa bado Kisauni, na mkubaliane pia kwamba yeyote kati yenu atakayesema turudi, gari litageuzwa papo hapo, na mabishano yangoje mpaka mfike kwenye lami.