Kura ya Mwakilishi si ya kumalizia

Siku ya uchaguzi, mpiga kura wa Zanzibar hupewa karatasi tano. Tatu ni za Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar: Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na diwani. Mbili ni za tume ya Muungano: Rais wa Jamhuri na Mbunge. Nimewahi kukaa vyumba vya kupigia kura kama wakala wa mgombea (wa chama gani, wanaonijua wanajua, na wengine haiwahusu), na ninalolikumbuka zaidi ni sauti za watu wakiulizana kwenye foleni: "Na huyu wa Uwakilishi wetu ni nani vile?" Jina la Rais wanalo. Zilizobaki wanafuata bendera ya chama. Majukwaani tunaimbiwa mafiga matatu, yaani Rais, Mbunge na diwani wa chama kimoja. Sawa, lakini mafiga ni matatu na karatasi ni tano.

Nashauri hiyo ya Mwakilishi uifikirie peke yake, na mapema.

Kwanza ujue unamtuma wapi. Mwakilishi anakwenda Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar; Mbunge anakwenda Dodoma, kwenye Bunge la Muungano. Maji ya bomba, skuli ya mwanao, kituo cha afya, ardhi na barabara za mitaani ni kazi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na bajeti yake hupita Baraza la Wawakilishi. Polisi, jeshi, uraia, kodi ya mapato na elimu ya juu ni mambo ya Muungano, yamo kwenye ile orodha ya mambo 22 ya Katiba ya Jamhuri. Niliwahi kumsikia mgombea Uwakilishi akiahidi kituo cha polisi, watu wakapiga makofi. Kijana mmoja akauliza, "Mheshimiwa, hilo utalisemea kikao gani?" Mheshimiwa akaanzisha wimbo wa chama. Mwakilishi anaweza kukuombea kituo cha polisi kama anavyoweza kukuombea dua, ila fungu la fedha hiyo halimo kwenye bajeti anayoipigia kura yeye.

Kwa yaliyo yake, hata hivyo, ana nguvu kuliko tunavyomdhania. Januari 2010 Abubakar Khamis Bakary, aliyekuwa kiongozi wa upinzani barazani, alipeleka hoja binafsi ya kuunga mkono maridhiano ya chama tawala, CCM, na chama chake, CUF. Baraza likaipitisha. Tarehe 31 Julai mwaka huo wananchi wakapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Katiba ikabadilishwa. Njia hiyo ilifunguliwa na hoja ya mjumbe aliyesimama kwenye kiti chake barazani. Na viti vyenyewe vimewahi kugombewa kwa karibu mno: mwaka 1995 CCM ilipata 26 na CUF 24; mwaka 2010 ilikuwa 28 kwa 22.

Lakini tusidanganyane, ukaribu huo haukuwa kila jimbo. Mwaka 2010 CUF ilichukua majimbo yote 18 ya Pemba, na Kusini Unguja kuna majimbo ambayo CCM haijawahi kutokwa na jasho. Ukiishi jimbo la namna hiyo, uchaguzi wa kweli wa Mwakilishi ni kura za maoni za kuteua mgombea ndani ya chama, na siku ya sanduku mambo yameshaisha zamani. Kwa hiyo kama wewe ni mwanachama, lipa ada yako, nenda kwenye mikutano ya tawi, na mjue anayechukua fomu kabla hajairudisha. Vikao vya juu vina neno la mwisho, naam, ila jina lisilo na watu nyuma yake hukatwa kirahisi zaidi. Wenzetu wanaosema "siasa za tawini zinanichosha" ndio hao hao wanaolalamika miaka mitano kwamba wameletewa mtu.

Mtaani kwetu tuliwahi kukubaliana, wa vyama vyote, kuwauliza wagombea jambo moja tu: maji. Tuliwaita mmoja mmoja kibarazani kwa mzee mmoja, kahawa ikapita, kisha mzee akamwambia kila mmoja, "Mwanangu, tuandikie hapa utakalofanya mwaka wa kwanza." Mmoja aliandika ukurasa mzima wa maneno matamu. Mwingine aliandika mistari miwili: ataomba takwimu za visima vya jimbo, na ataupeleka mradi wa bomba la mtaa kama swali barazani. Huyo wa mistari miwili ndiye nilimwamini, maana aliandika vitu ambavyo Mwakilishi anavifanya kweli. Jaribuni na nyinyi. Ila iwe jambo moja. Mkiorodhesha kumi atajibu lile jepesi.

Kuhusu uandikishaji nitasema kwa ufupi. Kitambulisho cha Mzanzibari kipate mapema, na ukihama hamisha taarifa zako Daftari la Wapiga Kura linapofunguliwa, la sivyo utakuwa unawachagulia watu wa mtaa mwingine Mwakilishi wao.

Sasa mawakala. Wagombea Uwakilishi huniudhi kwa hili: wakala wanamchagua kwa kelele zake maskani, kwenye vijiwe vya chama. Chagua anayejua kuandika tarakimu, asiyeona haya kusema "rudia hesabu". Kura za Rais zinapohesabiwa macho yote yako wazi. Zikifika za Mwakilishi watu wameshachoka, wana njaa, simu zimekwisha chaji. Hapo ndipo kura halali hutupwa kwenye fungu la zilizoharibika na hakuna anayeuliza. Wakala ale kabla, awe na tochi na kalamu zake mwenyewe, alinganishe jumla ya kura na idadi ya waliopiga, asitie saini fomu ambayo haijajazwa, na asiondoke bila nakala. Akiwa na malalamiko ayaandike pale pale. Ya mdomo hayafiki popote.

Nakala hiyo ina kazi yake. Matokeo ya Rais wa Zanzibar yakishatangazwa na Tume, Katiba yetu hairuhusu mahakama kuyachunguza. Ya Mwakilishi yanapingwa Mahakama Kuu, na huko jaji atataka karatasi. Tena mshike Mwakilishi na Mbunge kama watu wa mafaili mawili: tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi wa Zanzibar wote, Wawakilishi na madiwani wakiwemo, mpaka ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016 na CUF wakaususia. Kura za Mbunge, zilizopigwa siku moja na hizo zilizofutwa, zilibaki halali. Kuna waliokwisha kushangilia Uwakilishi wao wakarudi kuwa raia wa kawaida, na jirani yao Mbunge anapanda ndege ya Dodoma.

Na ukishampata, usimwache. Mkutano wa bajeti huanza Mei, na majadiliano husikika kwenye ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar. Siku ya wizara inayokuuma, sikiliza kama wako amesimama. Asiposimama mpigie simu jioni ile ile, kwa adabu, kabla fungu la wizara hiyo halijapitishwa.