Nati ya sampo ya IST imegoma kufunguka

Pole ndugu. Kama spana imeshaanza kuteleza kwenye nati ya kumwagia oili, ile ya chini ya sampo (bakuli la oili la injini), iweke pembeni sasa hivi, usizidi kuila. Toyota IST inatumia namba 14: tafuta soketi ya pembe 6, ile ya pembe 12 ndiyo inayomaliza kona.

Washa injini dakika chache oili ipate uvuguvugu, uzime. Gari likae kwenye stendi, jeki peke yake usiiamini hata kidogo. Ukiwa umelala chini unaitazama nati uso kwa uso, inafunguka kinyume cha saa. Wengi hapa ndipo wanapozidi kuikaza. Gonga soketi kwa nyundo hadi izame vizuri, chomeka bomba kwenye mpini, kisha vuta kwa mkupuo mmoja.

Kona zikiwa zimekwisha kabisa, pigilia soketi ya 13 kwa nguvu au ibane nati yenyewe kwa praizi. Moto wa gesi usiukaribishe, pale kuna oili.

Ikitoka, nunua nati mpya na washa (kipete cha chini ya nati) mpya. Anza kuifunga kwa vidole. Ikikataa, ichomoe uanze tena, usiilazimishe na spana.