Maswali ya Wasomaji: Folda za Barua Pepe, Orodha ya Kazi na Kalenda

SWALI: Mhariri wa safu hii, pokea salamu zangu. Ninasimamia ofisi ambayo mawasiliano yake karibu yote hupitia barua pepe, na kwa miaka kadhaa nimezipanga barua hizo katika folda zaidi ya 30, kila mradi na folda yake. Hivi karibuni nilianza kutumia programu ya orodha ya kazi iliyounganishwa na kalenda, nikitaka kila folda iwe orodha humo na kila barua inayoingia iwe kazi. Jaribio la kwanza lilinipa mamia ya kazi kwa siku moja, baadhi zikiwa zimejirudia. Katika jaribio la pili, viungo vya kunirudisha kwenye barua viliacha kufanya kazi mara nilipozihamisha barua zenyewe. Je, nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, upangaji wako wa folda hauna kasoro, tatizo limeanza pale ulipotaka folda ifanye kazi ya orodha. Folda hueleza barua inahusu nini, ilhali orodha hueleza nini kifanywe. Ndani ya folda ya mradi mmoja mna shukrani, nakala ulizotumiwa kwa taarifa tu, na mabishano yaliyokwisha zamani; hakuna hata moja kati ya hizo inayokudai chochote. Kwa upande mwingine, barua moja ndefu inaweza kubeba kazi tatu, na barua kumi za majibizano zikaishia katika kazi moja tu. Programu haiwezi kukuamulia jambo hilo, kwa hiyo hugeuza kila inachokikuta kuwa kazi.

Kuhusu kazi zilizojirudia, chunguza kwanza huduma unayoitumia. Gmail, kwa mfano, haina folda kwa maana halisi, bali ina lebo, na barua moja inaweza kubandikwa lebo kadhaa. Programu ya nje inayosoma akaunti hiyo kwa itifaki ya IMAP (kanuni za kusoma barua zikiwa bado kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma) huziona lebo kama folda, hivyo barua yenye lebo mbili huonekana mahali pawili, na mara nyingi huonekana tena katika folda inayokusanya barua zote. Ikiwa akaunti yako imewekwa kwa itifaki ya POP3, ambayo hupakua barua kwenye kompyuta yako, hali ni tofauti kabisa: itifaki hiyo haitambui folda za kwenye seva, kwa hiyo folda ulizozitengeneza zimo katika kompyuta yako pekee, na hakuna programu nyingine itakayoziona hadi uhamie IMAP.

Suala la viungo kukatika linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndilo linalowachosha wengi bila wao kujua chanzo chake. Katika IMAP, kila folda huzipa barua zake namba za utambulisho, na namba hizo zina maana ndani ya folda hiyo tu. Ukiihamisha barua kwenda folda nyingine, hupewa namba mpya huko iendako. Programu iliyohifadhi jina la folda na namba ya zamani itaitafuta barua mahali isipokuwepo tena, ingawa barua yenyewe haijapotea. Upo utambulisho mwingine, unaoitwa Message-ID, ambao huandikwa katika kichwa cha barua (taarifa za kiufundi zinazotangulia ujumbe, si mada) wakati wa kutumwa na haubadiliki kwa kuhamishwa. Soma maelezo ya programu yako ujue inatumia upi. Kama hayasemi lolote, hamisha barua kwanza, kisha utengeneze kazi. Na katika maelezo ya kazi andika jina la mtumaji, mada na tarehe, ili uweze kuitafuta hata kiungo kikifa.

Ushauri wangu ni kuziacha folda zako 30 zibaki kuwa kabati la kumbukumbu, na kuunganisha njia moja tu. Njia hiyo inaweza kuwa folda moja uliyoiita «Ya Kushughulikia», au alama. Mimi napendelea alama, kwa kuwa hailazimishi barua kuondoka mahali pake. Katika Outlook, barua uliyoiwekea bendera inaweza kuonekana katika orodha maalumu ya Microsoft To Do. Gmail ina amri ya kuiongeza barua kwenye Google Tasks pamoja na kiungo chake. Nayo programu ya barua pepe ya Thunderbird inaweza kuigeuza barua kuwa kazi au tukio la kalenda.

Kwenye kalenda peleka tu jambo lenye saa yake. Muundo wa iCalendar, ambao programu za kalenda hutumia kubadilishana taarifa, uliochapishwa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2009, hutenganisha tukio na kazi, na si kila kalenda inasoma vyote viwili: Google Calendar, inapounganishwa kwa itifaki ya CalDAV (ya kuoanisha kalenda kati ya programu), haipokei kazi za muundo huo. Fahamu pia kwamba kujiunga na kalenda kwa kiungo hukupa kusoma tu. Mabadiliko utakayoyafanya upande wako hayatarudi kule kalenda ilikotoka.

SWALI: Programu yangu ya kazi inaomba ruhusa ya kusoma kikasha changu chote. Je, nikubali?

JIBU: Ikiwa unachohitaji ni barua chache kwa siku, usikubali. Programu nyingi za aina hiyo hukupa anwani maalumu ya barua pepe, nawe huipelekea barua unayotaka iwe kazi, bila programu kuona nyingine yoyote. Itunze anwani hiyo kama nenosiri, maana anayeijua anaweza kukujazia orodha. Hasara yake ni kwamba kinachofika ni nakala: ukiikamilisha kazi, barua ya asili itabaki ilipo bila mabadiliko, na utalazimika kuiondoa kikashani kwa mkono wako.