Linka Ikigoma, Usiizibe Mdomo

Wadogo zangu, juzi nimepitia Makefile (faili ya maelekezo ya kujenga programu) ya mwenzenu nikakuta `-Wl,--no-warn-mismatch` imejikalia humo kimya: flagi inayoizuia linka, yaani programu inayounganisha vipande vya msimbo, isilalamike vipande visipoendana. Nikamuuliza ya nini. "Kaka, bila hiyo haijengeki." Moyo uliniruka. Flagi hiyo hiyo niliwahi kuiandika mimi, ikanila siku tatu. Kaeni kitako.

1. Linka haielewi msimbo wenu, inasoma vibandiko. Ikifungua .o (kipande kilichokwisha pita kwenye kompaila) inatazama baiti nne za mwanzo (7f 45 4c 46), kisha kama ni ya biti 32 au 64, baiti zimepangwa kuanzia upande gani, na namba ya prosesa: 40 ni ARM, 62 ni x86-64, 183 ni AArch64. Ikisema imeruka maktaba kwa kuwa haiendani, halafu hapo hapo ikasema maktaba haipatikani, usihangaike na `-L` (folda ya kutafutia maktaba). Imeiona, imeikataa. Piga `readelf -h` uvisome vibandiko hivyo.

2. Kwenye ARM kuna na sehemu ya faili iitwayo `.ARM.attributes`. Humo kompaila huandika ukubwa wa enum (aina ya thamani zenye majina), ukubwa wa wchar_t (aina ya herufi pana), na rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) zinazopitisha namba za desimali. Enum zikitofautiana, linka inaonya na kuendelea. Desimali zikipishana, inagoma.

Ilinigomea mimi. Tulikuwa tunatengeneza kifaa cha kupima joto la tangi la kupozea maziwa, Cortex-M4 (prosesa ya ARM) yenye FPU, kitengo cha kukokotoa desimali. Msimbo wetu ulijengwa kwa `-mfloat-abi=softfp` (desimali hupitishwa kwenye rejista za kawaida); maktaba ya kuchuja vipimo tulipewa imeshajengwa, kwa `hard` (hupitishwa kwenye rejista za FPU). Linka ikanieleza wazi kwamba faili ile inapitisha hoja kwa rejista za VFP (ndizo za FPU) na programu yangu haifanyi hivyo. Ilikuwa saa nne usiku, kifaa kinasubiriwa asubuhi. Nikatafuta flagi ya kuinyamazisha. Ikajengeka. Skrini ikaonyesha 0.0, na kwa kuwa tangi ni la baridi, nikaona sawa, nikalala.

Asubuhi maziwa yakamiminwa yakiwa bado na uvuguvugu wa ng'ombe. Skrini 0.0. Nikabadilisha sensa. Nikachomea waya upya. Nikamlaumu fundi wa mtambo wa baridi mbele ya watu, na baadaye ilibidi nirudi kumwomba radhi mbele ya watu hao hao. Siku ya tatu ndipo nikafungua `objdump -d`, inayoonyesha maagizo yenyewe ya prosesa. Upande wetu unaweka joto kwenye r0, rejista ya kawaida. Maktaba inalitafuta kwenye s0, rejista ya FPU. Ikimaliza inaacha jibu kwenye s0, sisi tunalichukua kwenye r0, ambamo ilikuwa imebaki anwani ya kumbukumbu. Sasa angalieni: RAM ya Cortex-M huanzia 0x20000000. Biti hizo ukizisoma kama desimali unapata kama 1.08 × 10⁻¹⁹. Ichapishe kwa tarakimu moja baada ya nukta: 0.0. Ile sifuri niliyoiamini haikuwa joto la kitu chochote, na linka ilikuwa imeshanionya kwa mstari mmoja. Dawa ilikuwa kubadili `softfp` kuwa `hard` upande wetu na kujenga upya.

3. Ukibadili flagi ya ABI (makubaliano ya jinsi vipande vinavyopitishana data, kama `-mfloat-abi`), `make clean`, ufute vya zamani. Make inatazama saa za faili, flagi haizijui.

4. Ukipewa maktaba, `readelf -A` (inasoma `.ARM.attributes`) kabla ya kitu kingine.

5. Linka ikipita usishangilie mapema. Kwenye C, `pima` inayopokea int na `pima` inayopokea float kwake ni jina moja tu. C++ inabandika aina za hoja kwenye jina. Ndiyo maana tangu GCC 5, mwaka 2015, mnakutana na `__cxx11` (alama ya muundo mpya wa aina kama std::string) kwenye majina yasiyopatikana. Lakini struct (aina yenye uga kadhaa ndani) ikiongezewa uga upande mmoja, linka haioni hata kwenye C++. Heda (faili inayotangaza aina na funksheni) iwe moja, isomwe na pande zote. Wangapi nimewakuta wamenakili heda kwenye folda mbili!

Yule mwenzenu tulikaa naye, tukaifuta flagi, tukajenga tena. Linka ikagoma ikiitaja faili kwa jina: `crc.o`, iliyobaki kutoka bodi ya zamani. Tukaifuta, tukajenga, ikapita bila flagi yoyote ya kuinyamazisha.